Mshiriki Mgumu Ukumbini: Mwongozo Kamili kwa Mwezeshaji wa Mafunzo Kazini

Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi, siku ya kwanza ya mafunzo ya siku 3 kwa watunza stoo wa kiwanda kimoja. Nilikuwa sijamaliza hata kujitambulisha. Mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, mikono kaikunja kifuani, akaniuliza: "Mwalimu, wewe umewahi kushika stoo?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nikafanya kosa ambalo wawezeshaji wengi hulifanya: nikaanza kuorodhesha vyeti vyangu. Kufikia chai ya saa nne nilikuwa nimewapoteza wote 22. Walikuwepo kwenye viti lakini walikuwa wameshaondoka.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba wiki mbili kabla, uongozi ulikuwa umetangaza kuwa leja zinaondoka na stoo yote inahamia kwenye kompyuta. Mzee yule alikuwa ameshika leja hizo kwa miaka 19, na hakuna aliyemwambia kazi yake itakuwa ipi mfumo ukishaanza. Swali lake halikunihusu mimi hata kidogo. Alikuwa anauliza, "Na mimi nabaki wapi?"

Tangu siku hiyo naamini kwamba ugumu mwingi wa washiriki huingia ukumbini ukiwa umeshapikwa kwingine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kuudhibiti hufanyika kabla hujashika makapeni, ile kalamu nene ya kuandikia ubaoni, na inayobaki ukumbini ni kazi ya kumrudisha mtu kwenye mstari bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Mtu mzima ukimwaibisha mchana, jioni umeshapata maadui sita, kwa sababu alipanda basi la kazini na wenzake.

Hatua ya 1: Uliza maswali kabla ya kupokea kazi

Afisa rasilimali watu akikupigia, usiishie kwenye mada, tarehe na malipo. Muulize nani aliwachagua washiriki na waliambiwa nini. Kuna tofauti kubwa kati ya "mmeteuliwa" na "nyie ndio mnaoharibu, nendeni mkafundishwe." Muulize pia kwa nini mafunzo haya yanafanyika sasa na si mwaka jana. Halafu uliza lile ambalo yeye hatalitaja mwenyewe: katika miezi mitatu iliyopita, kuna jambo gani limewaudhi wafanyakazi hawa? Uhamisho, punguzo la wafanyakazi, malipo ya saa za ziada ambayo hayajatoka, bosi mpya.

Mafunzo ya mifumo mipya ndiyo yanayobeba hofu nyingi zaidi. Serikali ya Tanzania ilipohama kutoka TANePS kwenda NeST kwenye ununuzi wa umma mwaka 2023, na OPRAS ilipoipisha PEPMIS kwenye upimaji wa utendaji wa watumishi, waliokaa kwenye viti vya mafunzo walikuwa watu ambao jana yake tu walikuwa mabingwa wa mfumo wa zamani. Mtu aliyeamka bingwa akafika ukumbini mwanafunzi hawezi kukaa kimya. Akikusumbua, usishangae.

Omba pia namba za washiriki wawili au watatu uongee nao kwa simu, dakika 10 tu kila mmoja. Uliza: "Ungependa mafunzo haya yakusaidie kwenye jambo gani la kila siku?" Utapata mifano ya kutumia, na utakuwa umeshapata watu wawili wanaokufahamu kabla hujaingia.

Jambo moja la tahadhari: mara nyingi afisa atakunong'oneza, "Kuna jamaa mmoja pale ni mkorofi, mwangalie." Shukuru, lakini usiandike jina. Ukiingia unamtafuta mkorofi utampata, hata kama siku hiyo alikuja na nia njema.

Hatua ya 2: Ondoa sababu za usumbufu zilizoko kwenye ratiba na ukumbi

Sehemu hii inaonekana ndogo, lakini inazuia pengine nusu ya matatizo.

Panga viti kwa idadi ya watu. Washiriki 24, viti 24. Viti vya ziada vya nyuma ndivyo makao makuu ya upinzani. Meza za watu watano au sita zinatosha. Mistari ya darasani inawafanya watu wazima wajione wako shule ya msingi, na wataishi kama wanafunzi wa shule ya msingi.

Tazama kalenda. Ukipanga somo gumu Ijumaa saa sita na nusu hadi saa nane mchana, Waislamu watatoka kwenda kuswali, nawe utawaandika kwenye ripoti kuwa "hawakuwa makini." Mwezi wa Ramadhani anza mapema na maliza kabla ya alasiri. Saa nane mchana baada ya pilau hakuna binadamu anayesikiliza slaidi 40. Weka kazi ya mikono au matembezi ya eneo la kazi. Na kama kuna mama anayetoweka kila siku saa ileile, uliza kwa adabu kabla ya kulalamika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Kisha lugha. Slaidi zikiwa za Kiingereza na watu wanaongea Kiswahili, ule mnong'ono unaousikia nyuma mara nyingi ni mtu anamtafsiria mwenzake. Nimeshawahi kumkatisha dada mmoja kwa ukali, "Tusikilizane jamani," kumbe ndiye aliyekuwa ananifundishia darasa.

Na posho. Wawezeshaji wengi wanaona aibu kuitaja, basi inatajwa na washiriki, chini chini, siku nzima. Uliza mapema kama ipo, ni kiasi gani, italipwa taslimu au kwa simu, na siku gani. Kama haipo, aliyewaita ndiye aseme, tena kwenye barua ya wito. Usikubali kuachiwa wewe uitangaze.

Hatua ya 3: Itumie vizuri nusu saa ya kwanza

Fika saa moja kabla. Simama mlangoni, salimia kila anayeingia, mwamkie anayestahili kuamkiwa. "Shikamoo mzee" uliyoitoa mlangoni itakuokoa saa tano ukilazimika kumkatisha.

Kujitambulisha kwa duara zima la watu 24, jina, cheo, idara na "napenda kuangalia mpira," kunakula dakika 40 na hakumsaidii mtu. Wape watu wawili wawili dakika tano waambiane jambo moja kazini linalowasumbua kuhusu mada ya leo. Kisha kila jozi itaje lake, uliandike kwenye bango kitita. Hapo umeshapata ajenda yao, na umeshamsikia kila mtu akitoa sauti.

Zile kanuni za mafunzo zinazoimbwa kila mahali, simu kwenye mtetemo, tuheshimiane, tutunze muda, zina kasoro moja: hakuna anayesema zikivunjwa itakuwaje. Uliza hivyohivyo: "Tumekubaliana tunarudi kutoka chai saa nne na nusu. Asiyerudi tumfanyeje?" Watacheka, watabishana, watakuja na adhabu ya kuimba au kutoa muhtasari wa somo. Iwe nyepesi na iwe yao.

Chagueni mwenyekiti wa darasa na mtunza muda. Utaratibu huu tumeuzoea mpaka tunauona mapambo, lakini una nguvu sana kama utautumia. Mwenyekiti akisema "jamani, tumemkosea mwalimu," inaingia kuliko wewe ukisema mara kumi. Ukiwa na bahati, watamchagua yuleyule ambaye angekusumbua.

Mwisho, bandika karatasi tupu ukutani uiite VIPORO. Kila swali ambalo si la leo, au huna jibu lake, linaandikwa pale kwa maneno ya aliyeuliza. Waambie siku ya mwisho saa ngapi mtairudia. Karatasi ya viporo isiyorudiwa ni uongo, na watu wazima wanaujua uongo wa namna hiyo tangu mikutano ya kijiji.

Hatua ya 4: Panda ngazi taratibu

Mtu akianza kuvuruga, kuna mambo ya kufanya kwa mpangilio, kutoka laini kwenda gumu. Wengi wetu tunaruka kutoka kunyamaza hadi kufoka.

Anza kwa kutofanya kitu kwa dakika moja. Vurugu nyingi hufa zenyewe. Isipokufa, mtazame mtu huku ukiendelea kuongea. Kisha sogea. Nenda ukasimame karibu na meza yake, endelea na somo ukiwa pale, usimtazame. Hatua hii peke yake inatosha mara nyingi sana, na hakuna aliyeaibika.

Ikishindikana, mwite kwa jina kwenye swali analoweza kulijibu: "Dada Neema, pale kaunta kwenu hili likitokea mnafanyaje?" Angalia neno "analoweza." Ukimuuliza swali la mtego ili aonekane hakusikiliza, umeshinda dakika moja umepoteza siku tatu.

Bado? Badili kazi. Vunja mhadhara, ingiza makundi, wahesabu moja hadi nne ili marafiki watengane bila mtu kusema kwamba anatenganishwa.

Bado? Subiri chai. Mfuate na kikombe chako, mbali na wengine, na usianze na lawama. Mimi hutumia maneno matatu tu, kwa mpangilio huu: nilichokiona, kinachotokea, ninachoomba. "Kaka, naona tangu asubuhi kila kundi likiwasilisha unaongea na wenzako. Wale wa mbele wamenifuata wanasema hawasikii. Kuna kitu hakijakaa sawa, au ni mimi?" Halafu nyamaza. Utakachosikia mara nyingi hakihusiani na somo: mtoto yuko hospitali, bosi anampigia anataka ripoti, au slaidi hazisomeki kutoka pale alipo.

Juu ya ngazi kuna mwenyekiti wa darasa, kisha aliyekuajiri, na mwisho kabisa kumwomba mtu asirudi kipindi kinachofuata. Katika miaka yangu yote nimefika huko mara mbili.

Hatua ya 5: Mjuaji

Huyu anastahili nafasi yake. Wajuaji wako wa aina mbili, na ukiwachanganya umekwisha.

Wa kwanza anajua kweli. Amefanya kazi miaka mingi, na kila ukifungua mdomo yeye ana mfano bora kuliko wako. Huyu usishindane naye, mpe kazi. Si sifa tupu za "asante kwa mchango mzuri," bali kazi yenye mwanzo na mwisho.

Narudi kwa mzee wangu wa stoo. Wakati wa chai nilimfuata. "Shikamoo mzee. Lile swali lako nimelijibu ovyo. Sijawahi kushika stoo. Nimefundisha mfumo huu tu." Akanitazama muda mrefu, akasema, "Sasa ndio unaongea." Nikamwomba mchana awaeleze vijana jinsi anavyogundua kuwa mzigo umepungua kabla ya kuhesabu. Alisimama na leja yake, akaeleza dakika 10: jinsi kadi inavyoning'inizwa kwenye rafu, kwa nini kilichoingia kwanza lazima kitoke kwanza, namna sahihi mbili za siku moja zinavyomtia mashaka. Alipomaliza nikafungua skrini ya mfumo pembeni ya leja yake wazi, tukaanza kuoanisha safu kwa safu: hii ya mapokezi ndiyo hii, hii ya salio ndiyo hii. Kwa mara ya kwanza siku ile ukumbi uliinama kuandika.

Mpe muda mtu wa namna hiyo, lakini muda wenye mpaka. "Mzee, tupe dakika tatu, halafu nataka vijana wa zamu ya usiku nao waseme." Na akipitiliza, usimkate katikati ya sentensi; subiri avute pumzi, dakia hapo: "Hilo la mwisho ngoja niliandike kabla halijatupotea." Ukigeukia ubao kuandika, zamu yake imekwisha na ameheshimiwa.

Mjuaji wa pili ana sauti tu. Utamtambua ukimwomba mfano wa kazini: atarudia alichosema mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Usimpe darasa huyu. Rudisha hoja yake kwa wenzake: "Wengine mnaionaje?" Wenzake wanamfahamu kuliko wewe, na watamshusha kwa utani ambao wewe huna ruhusa ya kuutoa.

Kuna mahali ambapo ulaini unakoma: mjuaji akisema jambo la hatari. Nikiwa nafundisha usalama mahali pa kazi, fundi mmoja alisisitiza kuwa moto wowote ni maji tu. Hapo usiseme "ni mtazamo mzuri." Mtu anaweza kufa. Nikasema palepale, bila ukali lakini kwa sauti ya wote kusikia: "Hapana. Moto wa umeme haumwagiwi maji, yanapitisha umeme hadi kwako. Kata umeme kwanza, tumia kizima moto cha hewa ya kaboni dayoksaidi au cha unga." Kisha nikampa yeye kizima moto awaonyeshe wenzake namna ya kuvuta pini na kulenga chini ya moto. Kosa lilisahihishwa hadharani, na akarudi kiti chake akiwa mtu aliyefundisha kitu.

Hatua ya 6: Mwenye kinyongo

"Mishahara haijapanda miaka mitatu, leo mnatuletea mafunzo ya huduma kwa mteja!" Ukumbi unapiga makofi. Ufanye nini?

Usimkingie kifua mwajiri, kwa kuwa hujui yaliyoko huko na wataona umetumwa. Usiungane na wafanyakazi pia, maana kesho utaondoka na wao watabaki na matumaini uliyowapandishia. Simama katikati na utaje jambo lilivyo: "Ninachosikia ni kwamba mnaona mnaombwa kuongeza juhudi wakati malipo yamesimama. Nimeelewa sawa?" Watakuthibitishia. Kusikika tu kunapunguza nusu ya joto.

Toa muda na useme ni dakika ngapi. Dakika 10, mtunza muda anashika saa. Yanayosemwa yaandike kwenye VIPORO kwa maneno yao, bila kuyapaka asali. Kisha tenganisha mbele yao: "Haya mawili mimi na nyinyi tunaweza kuyafanyia kitu humu ndani. Haya matatu ni ya uongozi. Nitayafikisha kwa afisa aliyeniita, bila majina. Siahidi jibu." Neno "siahidi" ni la muhimu. Mwezeshaji anayeahidi nyongeza ya mshahara ili apate utulivu wa saa mbili anamchimbia shimo mwenzake atakayekuja mwakani.

Kama hoja ni ya haki za kazi hasa, kama kupunguzwa kazi au mkataba, usijigeuze mwanasheria wa bure. Wakumbushe kuna tawi la chama chao cha wafanyakazi, na endelea.

Ikiwa baada ya dakika 10 ukumbi bado unachemka, acha ratiba. Nenda mapumziko, mpigie aliyekuajiri, umweleze kuwa anahitaji kuja kuongea na watu wake kabla hujaendelea. Nimewahi kuahirisha nusu siku kwa njia hii. Afisa alinuna. Nusu siku iliyobaki ilifundishika.

Hatua ya 7: Bosi naye ni mshiriki

Miongozo mingi humzungumzia mfanyakazi wa chini kana kwamba ndiye pekee anayevuruga. Kwangu mimi mshiriki mgumu kuliko wote ni meneja anayekaa mstari wa mbele. Hana kelele. Anajibu maswali yote wa kwanza, anapokea simu kwa sauti, na akikunja uso watu 20 wanasahau walichotaka kusema.

Maliza naye kabla ya siku. Mwombe afungue mafunzo kwa dakika 10, aseme kwa nini yana umuhimu kwake, aondoke, arudi saa ya mwisho kupokea mapendekezo. Wengi wanafurahi, wana kazi nyingi. Akisisitiza kubaki, mwombe mambo mawili: ajibu wa mwisho, na kwenye kundi asiwe mwandishi wala msemaji. "Bosi, ukijibu wa kwanza wenzetu watakuunga mkono tu, sisi tutakosa kujua wanachojua."

Ukiona bado watu wamefunga midomo, gawa vikaratasi. Kila mtu aandike wasiwasi mmoja bila jina, vikusanywe kwenye kikapu, vichanganywe, visomwe na mwenyekiti. Wasiwasi ukisomwa na sauti isiyo ya mwenyewe, hata bosi husikiliza.

Hatua ya 8: Wengine, kwa haraka

Wachelewaji: anza kwa saa uliyosema hata kama wako watano, na anza na jambo la maana. Ukiwasubiri wachelewaji, unawaadhibu waliowahi.

Simu: usizikusanye kama mlinzi wa mtihani. Toa mapumziko ya simu ya dakika tano kila baada ya saa moja na nusu. Mtu wa zamu ya dharura akae karibu na mlango.

Mchekeshaji ni mali, mradi umpe zamu. Mpe kuchangamsha ukumbi baada ya chakula. Anayesinzia huenda ametoka zamu ya usiku, na hilo ni kosa la ratiba.

Mkimya si mgumu, ila wawezeshaji tunamfanya awe hivyo kwa haraka zetu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika tafiti zake za miaka ya 1970 kuhusu walimu, alikuta wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuingilia. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watu wengi zaidi walijibu. Uliza, kisha hesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Utaona kimya kinakuumiza wewe kuliko wao.

Mafunzo yakiwa ya mtandaoni, usishindane na kamera zilizozimwa. Bando ni ghali na nyumbani kuna watoto. Waite watu kwa majina, waombe waandike jibu la neno moja wote kwa pamoja, na somo lisizidi dakika 90.

Hatua ya 9: Pale ngazi isipotumika

Matusi, kejeli za kabila au dini, kumshika mtu, mizaha ya mwili wa mwanamke: hapa hupandi ngazi, unasimama palepale. "Kaka, hilo hapana. Humu hatuongei hivyo." Sentensi mbili, sauti ya kawaida, bila tabasamu. Ukitabasamu, umekubali.

Kisha geuza ukumbi kwenye kazi nyingine, na katika mapumziko uongee kwanza na aliyetendewa, wala si mtendaji. Muulize anataka nini kifanyike. Usimpeleke mbele ya watu kuombwa radhi. Mara nyingi huo ni udhalilishaji wa pili. Baada ya hapo mfikishie aliyekuajiri. Tanzania, sheria ileile ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Ukumbi wa hoteli uliokodiwa bado ni mahali pa kazi, hata kama kuna bwawa la kuogelea dirishani.

Hatua ya 10: Ukikosea wewe

Utakosea. Utamkatisha asiyestahili, utamwita mtu jina la mwenzake, utajibu kwa hasira. Kama kosa lilifanyika mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu, sentensi moja, usijieleze. "Mama, asubuhi nilikujibu vibaya, samahani sana. Swali lako lilikuwa hivi..." kisha lijibu. Radhi ndefu inageuka kuwa hadithi yako.

Hatua ya 11: Baada ya mafunzo

Jioni ya kila siku andika ukurasa mmoja kwa ajili yako: nani alibadilika, saa ngapi, tulikuwa tunafanya nini. Utashangaa jinsi matatizo yanavyojirudia saa ileile na kwenye slaidi ileile.

Ripoti ya mwajiri iwe na tabia ya ukumbi, isiwe na majina. Mkifika mahali meneja anakuuliza "nani alikuwa anapinga?" mjibu kwa hoja iliyopingwa. Jina moja ukilitoa, mafunzo yanayofuata hakuna atakayefungua mdomo, na watakuwa sahihi.

Piga picha karatasi ya VIPORO, iambatanishe kama ilivyo, uandike pembeni ya kila kiporo ni cha nani na lini unatarajia jibu. Mpigie afisa wiki mbili baadaye.

Yule afisa wa kiwanda cha mzee wa stoo alinipigia yeye, akitaka nifundishe kundi la pili la watunza stoo, tarehe ya wiki iliyofuata. Nikamuuliza kama kile kiporo cha kwanza kwenye karatasi, kile cha "nani anabaki wapi," kimeshajibiwa. Akasema barua bado ziko mezani kwa meneja. Nikamwambia zikishatoka anipigie tupange tarehe. Zilitoka baada ya siku 11.